Mkwaruzo Kwenye Kioo cha Mwalimu

Nianze na kosa langu. Nikilizungukia kwa mbali nitajikuta najitetea, na kujitetea nimekwisha kufanya vya kutosha ndani ya madaftari. Mwaka ule mji wetu ulipovunjika, nilimshuku mtu mmoja, nikaiandika shuku yangu juu ya kazi yake kwa kalamu ya almasi.

Kazi yangu ilikuwa kusaga lensi za miwani. Shule niliishia darasa la sita. Hesabu ya lensi nilifundishwa na vidole. Askari walipopora maduka, mashine yetu ya kusagia iliondoka juu ya mkokoteni huku tunaitazama, patron, mwenye duka, akavuka mpaka, nami nikabaki na sahani mbili za chuma, kopo la unga wa emeri wa kusagia, unga mwekundu wa kung'arishia, na ile kalamu. Nikavihamishia nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, nikawa nasaga kwa mkono barazani.

Baada ya uporaji ilizuka desturi ambayo watoto wangu leo wanaicheka. Kila mtu alitia alama ya siri kwenye vitu vyake. Sufuria ilikwaruzwa chini ya kishikio chake, bati la paa lilipigwa msumari kwenye kona, godoro lilishonwa uzi wa rangi ndani ya pindo. Hukumwonyesha hata jirani, labda jirani zaidi ya wote. Vitu vya wizi viliuzwa sokoni mchana kweupe, na njia ya kukidai chako ilikuwa moja: utaje alama kabla kitu hakijageuzwa. Alama yangu ilikuwa mistari mitatu mifupi na mmoja unaoikata, kama mwiba wa samaki.

Mwalimu alikuja asubuhi, jua kali, naye amevaa koti na amekumbatia kitu ndani yake. Nilimfahamu kwa sura. Alifundisha fizikia chuo kikuu, kule Kasapa. Masomo yalikuwa yamesimama, akawa amehamishia nyumbani kwake vyombo kadhaa vya maabara ili visiporwe. Alikuwa na karatasi yenye muhuri ya kumruhusu. Karatasi hiyo niliiona kwa macho yangu na ni haki niseme hivyo, ingawa siku ile nilijiambia kwamba mihuri ya uongo ilikuwa inachongwa kwenye soli za viatu vya mpira.

Baba yake alitoka Kasai zamani kufanya kazi ya migodi. Yeye alizaliwa hapa hapa. Lakini mwaka ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini, na hakuna aliyeuliza ulizaliwa wapi. Familia nzima nzima zililala stesheni juu ya magodoro, zikingoja treni ya kuzipeleka kwenye kijiji cha babu ambacho hazijawahi kukiona.

"Baba fundi," akasema, "unaweza kunisagia kioo ya shimo? Ndani kama bakuli, na katikati tundu."

"Ya miwani?"

"Hapana. Ya kuchota mwanga."

Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale pembeni. Akasimamisha mchi. "Prof, mwanga banachota na ndoo ya namna gani?"

Mwalimu akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Akafungua koti. Kilikuwa kipande cha kioo kinene, cha mviringo, upana wa kiganja, kisafi kuliko kioo chochote nilichowahi kusaga. Pamoja nacho bati lililokatwa kwa umbo, la kupimia shimo. Shimo lenyewe lilikuwa refu ajabu. Hakuna jicho la binadamu linalohitaji lensi ya namna ile.

Nikamwuliza ni ya nini. Alinieleza bila kuficha, na nayaandika kama nilivyoyaandika usiku huo, kwa Kiswahili chetu ambacho watu ni bantu na ndiyo ni njo, sijui kama niliyashika yote.

"Bantu banaweza kukamata atomi moja, moja tu, banaishika na umeme, inaelea, bila kuigusa. Ukiipiga mwanga, nayo inatoa chembe ya mwanga. Sasa uweke atomi ingine mbali, mu nyumba ingine. Chembe zao zikikutana katikati, zile atomi mbili zinafungana, hata ziko mbalimbali. Njo namna ya kutuma habari. Lakini chembe inatoka upande wowote, juu, chini, nyuma. Lensi iko upande moja, inakamata kidogo sana. Ingine yote inapotea. Kioo yangu itaizunguka ile atomi, itarudisha ile ya kupotea."

"Kama redio?"

"Redio kila muntu anasikiaka. Hii, muntu akijaribu kuisikiliza mu njia, inaharibika, na benye kuituma banajua."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayemsifu mtoto wake. Mimi nikasikia jambo jingine. Katika mji wa askari na treni, mtu anataka nimtengenezee chombo cha kutumia habari ambazo hakuna atakayezisikia.

Akanieleza na shida yake. Alikuwa na rafiki waliosoma pamoja ng'ambo, ambaye sasa alifanya kazi mahali penye atomi zenyewe. Rafiki alimwandikia kwamba wakubwa wake hawaamini umbo hili la kioo. Akiwaletea kioo kimoja na vipimo safi, watampa nafasi ya kazi, yeye na mkewe. Lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu lilikuwa linaondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata kwenda Kasumbalesa, mpakani, hadi ng'ambo ya mpaka, na viti viwili vilikuwa vyao. Wakikosa lori, ilibaki treni. Akalitamka neno treni akitazama pembeni. Tulikuwa na siku kumi na moja.

Nilikubali. Usiku nilifungua daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika ya kumshuku, kulia ya kumtetea, maana nilitaka kuwa mtu wa haki. Kushoto ukurasa ulijaa. Nyumbani kwake palinguruma mchana kutwa kama mzinga wa nyuki. Madirisha yalizibwa na mablanketi. Mkewe hakuonekana kisimani. Watu walikuwa wanazunguka mjini wakiuza vichupa walivyoviita uraniamu, na nani angejua uraniamu kama si mwalimu wa fizikia? Kulia niliandika: anasalimia vizuri. Nikafikiri, nikaongeza: kioo ni kizuri mno kwa kazi ya uongo. Kisha nikaufuta mstari huo, kwa sababu sikujua kazi ya uongo hutumia kioo gani.

Tena alikuja kila siku. Mteja wa miwani hafanyi hivyo. Alichukua kioo mkononi, akakipima uzito, akakigeuza ukingo kwenye jua, akautembeza ukucha pande zote. Siku ya tatu uso ulimbadilika.

"Iko ile ile?"

"Njo ile ile, Prof. Ingine nitaitoa wapi?"

"Na pembeni? Ulikata pembeni?"

"Pembeni ninavunjaka makali kila mara. Kioo yenye makali inapasuka mu mukono."

Akakirudisha mezani polepole, akaondoka bila kuaga. Mke wangu akamsindikiza kwa macho. "Ule anatafuta kintu," akasema. "Muntu mwenye roho safi anauliza kama kazi imeisha. Haulize kama kioo iko ile ile."

Kesho yake alikuja shefu wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa, mwanamume mnene aliyevaa miwani yenye mkono mmoja, mwingine ni uzi. Yeye ndiye aliyepeleka majina ya watu wa kila nyumba kwa wakubwa. Alikaa kwenye kiti changu, akakichukua kioo, akachungulia ndani yake.

"Hii ya Prof?"

"Ndiyo, shefu."

"Ya kufanya nini?"

Hapa nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kusema, amenieleza, lakini sikuelewa vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Nikasema, "Sijue," kwa sauti ya mtu anayejua. Na alipoendelea kunitazama, nikaongeza jambo ambalo hakuniuliza: "Lakini nitatia alama yangu, mwiba ya samaki. Siku kikionekana mahali pabaya, mutaniita, nitakitambua."

"We muntu wa akili," akasema shefu. Nililala nimefurahi. Neno hilo limo ndani ya daftari, sikulifuta: nimefurahi.

Nilitia alama asubuhi iliyofuata, kabla ya kumwaga dawa ya fedha aliyoileta mwalimu, ile ya kukifanya kioo kirudishe mwanga. Ukingoni sikutaka, maana ukingo mwizi anaweza kuusaga, mimi mwenyewe nilikuwa nimeusaga. Nikaitia ndani ya bakuli, mdomoni mwa tundu, mahali ambapo nani atachungulia? Ilikuwa ndogo kama ukope wa jicho. Kisha nikamwaga fedha juu yake, kioo kikang'aa, nikakifuta kwa pamba, nikaona sura yangu imekaa kichwa chini.

Alhamisi mwalimu alinialika nikaone. Nilikwenda kwa woga na kwa uchu, nusu kwa nusu. Mkewe alinifungulia, akanipa kiti. Alikuwa na mguu uliofungwa mabanzi. Ndiyo maana hakwenda kisimani. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha nyumbani nikafute mstari mmoja, lakini nilikuwa nimekwisha kuingia.

Ilikuwa saa sita mchana. Chumba kilikuwa giza kwa ajili ya mablanketi, isipokuwa dirishani kulikotobolewa tundu, na mwale mmoja wa jua ulipita chumbani umenyooka kama waya. Mezani palikuwa na pete ya shaba kati ya vifuniko viwili, imeunganishwa na transfoma ya bango la taa la duka lililofungwa. Hiyo ndiyo iliyonguruma.

"Atomi sina," akasema. "Inaomba pampu, inaomba hewa itoke yote. Lakini umbo ya kioo, hata chembe ya vumbi inaweza kuijaribu. Vumbi yako."

"Yangu?"

"Ulininyunyizia mu karatasi, siku ya kwanza. Ile emeri."

Alipaka unga kidogo kwenye kitana cha plastiki alichokuwa amekisugua nguoni, akakipuliza juu ya pete. Chembe nyingi zilianguka. Moja haikuanguka. Ilikaa katikati ya pete, hewani, inatetemeka ndani ya mwale wa jua, nyota ndogo iliyoshuka mpaka kwenye meza ya mtu wa Hewa Bora. Nimesaga emeri miaka mingi. Sikujua kwamba inaweza kunitazama.

Pembeni aliweka kipima-mwanga cha kamera, chenye mshale. Bila kioo, mshale uliondoka sifuri kwa taabu. Akakileta kioo taratibu, kikaizunguka chembe kama mikono miwili inayokinga maji. Mshale ukaruka.

"Mama!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Inachota!"

Walishikana mikono. Nami nilicheka pamoja nao, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu kazi ya vidole vyangu ilikuwa inafanya kitu. Halafu mwalimu akasema sharti tuhakikishe, akakata umeme. Chembe ikaanguka. Nyota ikazimika. Mshale ukashuka, ukafika nusu, ukasimama.

Tukangoja. Mshale haukwenda popote.

"Hapana kitu pale," akasema mwalimu kwa sauti ndogo. "Chembe imeenda. Hii ni mwanga ya nani?" Akaipiga meza kidole. "Ni mwanga ya bongo." Bongo kwetu ni uongo. "Bakiona hii, batasema kioo inachota bongo, haichote chembe. Nayo ni kweli."

Alirudia mara tatu. Akapuliza vumbi, akasogeza mwale, akahesabu upya karatasini, akajilaumu kwa bati lake, kwa jua, kwa hesabu aliyoifanya usiku akiwa na njaa. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, anautazama mguu wake. Hakuna aliyenitazama mimi. Hata mara moja hakusema kwamba fundi amekosea.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona. Mdomoni mwa tundu, jua lililopotea njia lilikuwa limeukuta mkwaruzo wangu, na mkwaruzo ulikuwa unawaka, mweupe, mwiba mzima wa samaki. Alama ilikuwa inatoa mwanga wake yenyewe na kuutupa kwenye mshale.

Nikaenda nyumbani. Hilo nalo lazima niliandike: sikusema, nikaenda nyumbani. Nikala bukari, ugali wetu, nikaibakiza. Mke wangu akauliza nini, nikamweleza yote. Akaisogeza kando sahani yangu.

"Sasa ukimwambia, atajua ulimuwaza mubaya."

"Ndiyo."

"Na usipomwambia, atapanda treni na ule mguu ya bibi yake."

"Ndiyo."

"Basi unangoja nini? Uende. Lakini kopo ya emeri uache hapa, asije akakuvunjia yote mu kichwa."

Nilirudi jua likiwa bado juu. Nikamwambia mlangoni, nimesimama, kwa maneno yaliyojikwaa: kwamba alama ni yangu, kwamba niliitia ili nimkamate, kwamba shefu anajua. Nilitegemea matusi. Mwalimu alinitazama, kisha akaanza kucheka kicheko kibaya kinachokaribia kilio.

"Na mi nilitia alama," akasema. "Pembeni. Nukta mbili, na msumari ya almasi ya maabara. Kioo ile haipatikane tena. Niliogopa utaibadilisha na kioo ya dirisha. Siku ya tatu nikatafuta nukta zangu, hazipo. Nikasema, baba fundi ameniiba. Nikamwambia bibi, ameniiba, lakini mwingine wa kusaga hatuna."

"Nilivunja makali," nikasema. "Ninavunjaka kila mara."

"Uliniambia. Sikukuamini."

Tukasimama pale, wezi wawili wasioiba kitu. Aibu yake haikupunguza yangu. Yeye alinishuku akanyamaza. Mimi nilimshuku nikamwambia shefu. Si sawa, na sitaki msomaji aziweke mizani moja.

Kusaga upya hakukuwezekana. Shimo lingebadilika umbo, na dawa ya fedha ilikwisha. Lakini sisi wa miwani tunajua kwamba mkwaruzo usioweza kuuondoa unaweza kuuua. Nilichukua masizi ya chini ya sufuria, nikayasaga na vanishi, na kwa unywele mmoja wa brashi nikaijaza alama, mstari baada ya mstari, mpaka mwiba ukawa doa jeusi. Doa halirudishi mwanga wa kweli wala wa bongo. Ijumaa saa sita tulijaribu. Chembe ikakaa, mshale ukaruka, chini kidogo kuliko jana. Umeme ukakatwa, na mshale ukashuka mpaka chini kabisa ukalala. Mwalimu aliandika vipimo. Nikamwomba aandike pia kwamba doa ni la fundi, wasije wakafikiri ni sehemu ya umbo. Aliandika.

Jumamosi lori lilisimama kwenye kona ya avenue, na shefu alikuwa pale kabla yetu, na wanaume wawili. Walifungua mizigo yote. Kioo kikatolewa ndani ya shuka.

"Fundi!" akaniita. "Ulisema mwiba ya samaki. Iko wapi?"

Akakileta karibu na ile miwani yake ya uzi. Akaona doa jeusi. "Kumbe banaifunika! Prof, unaficha nini hapa?"

Dereva alikuwa anapiga honi. Mwalimu alifungua mdomo, nikaona kwamba angesema chochote kingekuwa kibaya kwake. Mfichaji alikuwa amekwisha kupatikana, nami ndiye niliyemwandaa. Kulipangusa doa kulimaanisha kung'oa fedha na kutupa vipimo. Mke wa mwalimu alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mkono mmoja, mguu wake mzima chini, mwingine juu.

Nikasema kwa sauti, watu wasikie: "Shefu, ile alama njo yangu, na ile nyeusi njo yangu. Niliitia sababu nilimuwaza mubaya. Nimeifunika sababu iliharibu kazi yake. Nilikuambia sijue, na alikuwa amenieleza yote. Kama kuna muntu wa bongo hapa, njo mi. Uniandike mi."

"Amekueleza nini?"

"Ya kuchota mwanga."

Watu wakacheka. Shefu hakucheka, alikuwa amefanywa mjinga mbele ya avenue yake, na alihitaji mtu wa kubaki naye. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akamrudishia mwalimu kama anayerudisha sahani chafu. "Bapande," akasema. "We utabaki kwangu mpaka nielewe."

Lori liliondoka. Mwalimu alinyoosha mkono, lakini nadhani alikuwa anashika ubao.

Nilikaa uani kwa shefu mpaka alasiri, juu ya kreti ya bia, nikieleza. Nilichukua sahani yake ya bati inayong'aa, nikaikinga jua na kurusha mwanga wake ukutani, nikaonyesha jinsi mwanga unavyotawanyika na jinsi unavyorudishwa. Alisikiliza kwa uso wa askari wa forodha. Mwisho akavua miwani. "Na hii," akasema, "unaweza kuitengeneza mukono?" Nikaipeleka nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoachiliwa.

Hakuna barua ya mwalimu iliyonifikia. Posta ilikuwa imekufa, kwa hiyo si ushahidi wa chochote. Lakini niseme ukweli wa daftari: zipo siku ninarudi kwenye ule ukurasa wenye mstari katikati. Rafiki wa ng'ambo sikumwona. Barua yake sikuisoma. Pengine palikuwa na nafasi ya kazi, pengine palikuwa na mpaka tu na mwanamume anayetaka kumvusha mkewe, akahitaji kuamini kitu. Nilichokiona kwa macho ni chembe ya emeri yangu imekaa hewani, na mshale uliolala chini. Upande wa kulia nimeandika hayo, na hapo ndipo mkono wangu unaposimama kila mara.

Alama bado natia, nimezoea. Naitia ukingoni, baada ya kuvunja makali, kisha namwita mwenye miwani namwonyesha ilipo. Wengi wanashtuka. Wananitazama, wanaitazama alama, wananitazama tena, na ninawaona wanajiuliza huyu mzee anataka kuwaibia nini.